Mohamed Amin: Mtoto wa Islii Aliyeishi Njiani

Mohamed Amin, mpiga picha ambaye dunia iliiona kazi yake hata pale isipolijua jina lake, alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli mwenye asili ya Punjab. Kwa familia ya mtu wa reli enzi za Mwingereza, kazi ndiyo iliyoamua watoto walale wapi, wasome wapi na wahame lini, na Amin aliyazoea maisha ya kufungasha mizigo tangu utotoni.

Eastleigh, au Islii kama wenyewe wanavyoitamka, inapakana na Pumwani. Mtu akitoka Majengo, ndani ya Pumwani, akavuka barabara ya General Waruinge, ameshafika. Lakini wakati Amin anazaliwa, mwendo huo mfupi ulikuwa na mpaka usioonekana kwa macho. Serikali ya kikoloni iliitenga Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika, Islii ikakaliwa zaidi na Wahindi, na Waafrika wengi waliofanya kazi reli wakapangiwa landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, za Muthurwa. Wanaume waliotoka jasho kwenye reli moja walirudi jioni katika mitaa iliyotengwa kwa rangi, na watoto wao wakasoma shule zilizotengwa vilevile. Walichogawana bila kugombana ni anga. Uwanja wa ndege wa Eastleigh, ambao leo ni kambi ya jeshi la anga, ndio uliopokea abiria wa Nairobi mpaka ule wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958. Ndege zilipita chini juu ya mapaa ya mabati ya mitaa yote miwili, na watoto wa pande zote waliinua vichwa kuzitazama.

Amin alikuwa bado mdogo familia ilipohamia Dar es Salaam, alikopelekwa baba kikazi. Huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha kutumika. Ni kijisanduku kisicho na mambo mengi: lenzi moja, kidude cha kubonyeza, na tundu la kuchungulia. Haivuti kitu cha mbali kikaja karibu, wala haina la kufanya gizani. Anayeitumia hana budi kusogea kwa miguu yake mpaka amfikie anayempiga picha, na kusubiri jua likae upande unaofaa. Mazoea hayo mawili, kusogea na kusubiri, Amin hakuyaacha hata alipomiliki kamera za bei kubwa.

Alipenda mambo ya nje kuliko ya darasani. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953, zilikuwa zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za vumbi na tope. Zilipofika Dar es Salaam, Amin alizipiga picha akiwa bado mwanafunzi. Barabara mbovu, gari lililojaa matope, mtu aliyekesha macho mekundu: mambo ambayo wengine huyaona ni mateso, yeye aliyaona ni maisha yenyewe.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20, alianzisha kampuni yake mjini humo, akaiita Camerapix. Haukupita muda mrefu kabla kazi kubwa haijatokea. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yaliuangusha utawala wa Sultani, na Amin akavuka kwenda kisiwani na kamera ya sinema ya Bolex.

Inafaa kusimama kidogo kwenye kamera hiyo, kwa sababu inaeleza namna alivyofanya kazi. Bolex haikutumia betri. Ilitiwa ufunguo kwa mkono, kama saa ya ukutani ya zamani. Ufunguo ukijazwa mpaka mwisho, mkanda hukimbia kwa sekunde zisizofika 30, kisha kamera husimama na mpigaji huanza kuzungusha tena. Mkanda wenyewe, ule wa futi 100, humalizika kwa muda usiofika dakika tatu, na lazima ubadilishwe kivulini ili mwanga usiuchome. Kwa hiyo mpiga picha wa habari wa miaka ile hakuweza kuacha kamera ikienda huku akitafakari. Aliamua kwanza kichwani mwake ni kipi kinastahili sekunde 20, kisha akabonyeza. Baada ya hapo kopo la filamu lilipaswa kukimbizwa uwanja wa ndege na kupakiwa kwenye ndege ya London, kwa sababu huko ndiko lilikosafishwa na kusambazwa kwa vituo vya televisheni. Picha nzuri iliyokosa ndege ya usiku ilikuwa habari ya jana. Hapo ndipo Amin alipowashinda wengi. Alijua ratiba za ndege, alijua watu wa forodha, na hakulala mpaka kopo lake limepaa.

Zanzibar hiyo hiyo ilimwingiza matatani. Mwaka 1966 alikamatwa kisiwani, akakaa gerezani karibu mwezi mmoja, na alipotoka hakuweza tena kuendelea na kazi Tanzania. Alirudi Nairobi, jiji alikozaliwa, akaanza upya. Kutoka hapo Nairobi ikawa kituo chake mpaka mwisho: alioa, akapata mtoto mmoja wa kiume, Salim, na Camerapix ikawa kampuni ya Nairobi.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, mchana, Tom Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani, barabara iliyoitwa Government Road na ambayo leo ni Moi Avenue. Mboya alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, lakini kwa wakazi wa Pumwani na Islii alikuwa kwanza mbunge wao, kwa sababu mitaa hiyo ilikuwa ndani ya jimbo lake, ambalo baadaye lilijulikana kama Kamukunji. Amin alifika akiwa na kamera wakati juhudi za kumwokoa zikiendelea. Filamu yake ya saa ile ndiyo iliyoupa ulimwengu picha ya msiba ule, na ikamletea tuzo Uingereza. Kwa mpiga picha mzaliwa wa Islii, haikuwa habari ya mgeni. Aliyekuwa akifa mbele ya kamera alikuwa mwakilishi wa mtaa aliozaliwa.

Kuanzia hapo orodha ya alikokwenda ni ndefu kuliko inavyoweza kusimuliwa hapa. Alimfuata Idi Amin wa Uganda tangu mapinduzi yake ya Januari 1971, akawapiga picha Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, watu waliofanana na wazazi wake, wakiburura masanduku yao. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1979, alikuwepo. Mwaka uliofuata, yeye na Brian Barron wa BBC walimpata Idi Amin uhamishoni Jeddah, Saudi Arabia, wakamhoji, wakati ambapo wengi hawakujua hata alikokuwa. Waliofanya kazi na Mohamed Amin wamesimulia kwamba alifika ofisini kabla ya mapambazuko na kwamba hakuelewa mtu anawezaje kuchoka. Alidai kwa wenzake kile alichojidai mwenyewe, na si kila mmoja aliweza kukaa naye.

Lakini mtu huyu haelezeki kwa vita na mauaji peke yake, na anayemkumbuka kwa hayo tu anamkumbuka nusu. Kilichompa pumzi kilikuwa nje ya mji. Alilizunguka Ziwa Turkana kwa magari, katika ardhi ya mawe meusi ya volkeno ambako upepo hauachi kuvuma na kisima kimoja huwa mbali sana na kingine, na safari hiyo ikazaa kitabu Cradle of Mankind mwaka 1981. Alipiga picha za kitabu Run Rhino Run cha mwaka 1982, kilichoeleza jinsi vifaru wanavyomalizwa kwa ajili ya pembe zao. Aliwapiga picha Wamaasai, akavuka Pakistan, nchi ya asili ya wengi wa watu wake, na kama Mwislamu akapata nafasi ya kupiga picha za mahujaji wa Makka, kazi iliyotoka kitabuni mwaka 1978. Katika vitabu hivyo hakuna haraka. Mtu yule yule aliyekimbizana na ndege ya usiku anaonekana amekaa kando ya maji kwa saa nyingi akisubiri mwanga ushuke kwenye ngozi ya mamba.

Kimoja katika vitabu hivyo kina uzito wa pekee kwa mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Railway Across the Equator, kilichotoka mwaka 1986, ni historia ya reli ya Afrika Mashariki kwa picha. Amin alirudi kwenye njia iliyoileta familia yake: madaraja, treni za mvuke, vituo vya mbugani, mafundi wenye mikono iliyojaa grisi. Baba yake hakuwa mtu wa kuandikwa vitabuni, kama ambavyo hawakuwa wale wa Muthurwa. Lakini kazi yao imo humo, ukurasa kwa ukurasa, imepigwa picha na mtu aliyeijua tangu akiwa mtoto kutokana na hali ya baba aliyerudi jioni.

Kazi iliyolitangaza jina lake kuliko zote ilitoka Ethiopia. Mwaka 1984 ukame ulikuwa umeyakausha mashamba ya kaskazini, na vita vya Tigray na Eritrea vilikuwa vimezifunga barabara ambazo chakula kingepitia. Serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam ilisherehekea mwezi Septemba miaka 10 ya mapinduzi yake, na haikutaka kamera za wageni kaskazini. Amin alihangaika na vibali, akatumia kila anayemjua, mpaka mwezi Oktoba akaingia Makele na Korem pamoja na Michael Buerk wa televisheni ya BBC.

Korem iko juu milimani, na usiku wake ni wa baridi kali. Walifika kwenye uwanda ambako maelfu ya watu walikuwa wamelala nje wamejifunika shuka. Alfajiri ukungu ulipoanza kuinuka, waliokuwa hai walijikongoja kusimama, na waliokufa usiku wakaanza kuviringishwa magunia na kupangwa. Amin alipita katikati yao taratibu, akiibeba kamera katika kimo cha macho ya watu waliokaa chini, akiwaacha wamtazame. Hakukimbiza picha. Yeyote aliyeiona filamu ile anakumbuka ukimya wake, na uso wa mama au mtoto uliobaki mbele ya kamera kwa muda mrefu kuliko ilivyozoeleka katika habari. Hiyo ndiyo ile subira ya kando ya Ziwa Turkana, sasa imetumika mahali pengine kabisa.

BBC iliirusha tarehe 23 Oktoba 1984, na mamia ya vituo duniani vikaifuata. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona nyumbani kwake London, akawakusanya wenzake kurekodi wimbo wa kuchangia kabla ya mwaka kwisha. Marekani ikafuata mwanzoni mwa 1985, na tarehe 13 Julai mwaka huo yakafanyika matamasha ya Live Aid London na Philadelphia kwa siku moja. Chakula kilichopelekwa kutokana na mwamko huo kiliokoa watu wengi mno. Yapo pia malalamiko ya haki: kwamba dunia ilizoea kuiona Afrika kama uso wa njaa, na kwamba vita vilivyosababisha njaa ile vilitajwa kwa sauti ndogo. Malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa. Ila hayamwangukii aliyeshika kamera. Amin alikuwa Mwafrika akiripoti jirani yake, na baada ya watangazaji wengine kuondoka alirudi Ethiopia tena na tena, hata kampuni yake ikawa ndiyo inayochapisha jarida la shirika la ndege la nchi hiyo.

Ethiopia hiyo hiyo ndiyo iliyochukua mkono wake. Mwishoni mwa Mei 1991 wapiganaji waasi wa EPRDF waliingia Addis Ababa na Mengistu akawa amekwisha kukimbia. Tarehe 4 Juni ghala la silaha lililipuka mjini humo. Amin na wenzake walikwenda kupiga picha za moto, na mlipuko mwingine ukawakuta. Fundi wake wa sauti, Mkenya John Mathai, aliuawa. Amin alipoteza mkono wa kushoto.

Kwa mpiga picha wa televisheni, mkono wa kushoto si wa akiba. Kamera hukaa bega la kulia, na mkono wa kulia huingia kwenye ukanda wa pembeni ili uishikilie na kubonyeza vitufe. Mkono wa kushoto ndio unaozungusha pete ya lenzi ili picha isififie. Kuupoteza ni kama fundi cherehani kupoteza mkono unaosukuma kitambaa. Amin alikwenda Marekani akatengenezewa mkono wa bandia uliotumia umeme na kupokea ishara za misuli iliyobaki, akajifunza upya kushika, kuachia na kuzungusha. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi kazini. Wengi husimulia jambo hili kama muujiza wa fundi wa Marekani. Ukweli ni kwamba mkono wa namna ile ni mzito, unauma, na hufuata tu matakwa ya mtu anayekubali kuushindilia mazoezi kila siku.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mke wake alilea mtoto kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo huku mumewe akiwa Kampala, Makka, Addis Ababa au kwenye mawe ya Turkana. Salim amesimulia waziwazi, bila kumpaka mtu rangi, kwamba alikua na baba anayejulikana duniani na asiyeonekana mezani. Wapo wanaodhani mtu hawezi kuitwa mpenda familia ikiwa siku zake nyingi ziko mbali nayo. Maisha ya Eastlands yanaonyesha vingine. Nyumba ngapi za Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni zilijengwa juu ya mgongo wa baba wa reli, dereva wa masafa, baharia au askari, aliyeonekana mwisho wa mwezi? Upendo wa baba wa namna hiyo hupitia anachokileta na anachokifundisha. Amin alimfundisha mwanawe kazi. Salim alishika kamera mapema, akaingia Camerapix, na alikuwa kijana mdogo alipokwenda kupiga picha za vita vya Somalia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baba na mwana walijuana zaidi kazini kuliko nyumbani, na hilo Salim amelieleza kwa shukrani na kwa uchungu pamoja.

Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1996, Amin alipanda ndege ya Ethiopian Airlines namba 961 mjini Addis Ababa. Kituo kilichofuata kilikuwa Nairobi. Pamoja naye alikuwa Brian Tetley, mwandishi aliyeandika maneno ya vitabu vyake vingi. Vijana watatu waliiteka ndege wakitaka ipelekwe Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi hata nusu ya njia, lakini hawakumwamini. Aliifuata pwani ya Afrika kuelekea kusini kwa muda alioweza, kisha akakata kuelekea visiwa vya Komoro. Mafuta yalipokwisha, ndege iliangukia baharini karibu na ufukwe wa Mitsamiouli, Ngazija. Wenyeji na watalii wa hoteli ya Galawa walitoka na mashua kuwaokoa waliokuwa majini. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Amin na Tetley walikuwa miongoni mwao. Walionusurika walisimulia kwamba mpaka dakika za mwisho Amin alikuwa amesimama, akibishana na watekaji. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Salim aliichukua Camerapix akiwa bado katika miaka ya ishirini. Akiba aliyoikuta ilikuwa mamilioni ya picha na maelfu ya saa za filamu na video: marais wakiapishwa na kupinduliwa, magari ya Safari kwenye tope, vifaru, mahujaji, treni, njaa, harusi, mechi za mpira. Ni sehemu kubwa ya kumbukumbu ya macho ya Afrika Mashariki tangu enzi za uhuru, na kuitunza ni kazi ngumu yenye gharama, kwa kuwa filamu ya zamani huchakaa kwa joto na unyevu na lazima ihamishwe kompyutani mkanda baada ya mkanda. Mwaka 2006 Salim alitoa filamu iitwayo Mo & Me, kuhusu maisha ya baba yake na maisha ya mtoto aliyemsubiri. Mikanda ya kuchagua ilikuwa tele, ya nchi nyingi na ya miaka zaidi ya 30. Baba mwenyewe haonekani katika mingi, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika kamera.